Kuvua Wolai Kaskazini mwa Minnesota Mwishoni mwa Kiangazi: Jinsi ya Kuipanga Safari

Wasemaji wa Kiswahili tunaoishi Minneapolis, St. Paul na vitongoji kama Brooklyn Park huulizana kila mwezi wa Agosti kama bado upo wakati wa kwenda kaskazini kuvua kabla shule hazijafunguliwa. Upo, na kwa maoni yangu siku kumi za mwisho za Agosti zinaishinda Julai yote, kwa sharti moja tu: safari ipangwe kwa kufuata macho na tumbo la samaki mwenyewe. Anayeanza na nafasi aliyopewa kazini, kisha akatafuta ziwa lolote lenye chumba kitupu, huendesha gari saa tano na kurudi na sanduku la barafu lisilo na kitu.

Samaki ninayemzungumzia ni yule ambaye kwenye vibao na vitabu vya sheria huandikwa walleye. Nami hapa nitamwandika wolai, kama tunavyomtamka. Jina lake la kitaalamu ni Sander vitreus, Waojibwe, wenyeji wa asili wa eneo hili, humwita ogaa, na tangu mwaka 1965 ndiye samaki rasmi wa jimbo la Minnesota. Wageni kutoka Mwanza na Kisumu humfananisha na sangara kwa sababu ya mnofu wake mweupe, lakini hawa wawili ni wa koo mbalimbali na tabia zao hazilingani. Nyuma ya mboni ya jicho la wolai kuna utando unaorudisha mwanga, kama ule wa paka, ndiyo maana huona vizuri katika giza la jioni wakati samaki wadogo anaowawinda wamekwisha kupotewa na njia. Jua likiwaka juu ya maji maangavu, yeye hushuka kilindini au hujificha katika kivuli cha magugu maji. Jua likikaribia kuzama, au mawingu yakitanda, au upepo ukiuvuruga uso wa ziwa, hupanda kutafuta chakula. Karibu kila uamuzi wa safari hii, kuanzia saa ya kuamka hadi ufuko wa kuanzia, hutokana na jicho hilo.

Tumbo nalo lina habari yake. Mwishoni mwa kiangazi vifaranga vya samaki waliozaliwa majira ya kuchipua vimefikia urefu wa inchi mbili au tatu, na ziwa zima limejaa chakula. Wolai wa Mei ana njaa na hukifuata chambo. Wolai wa Agosti ameshiba, kwa hiyo chambo kipitishwe karibu kabisa na mdomo wake, au kipite kwa kasi ya kumfanya akirukie kabla hajaamua kama anakitaka. Joto la maji ni jambo jingine la kufikiria. Katika maziwa yenye kina kirefu, maji ya juu huwa na joto la nyuzi 21 hadi 24 za Selsiasi, na chini yake hukaa tabaka la maji baridi ambalo kufikia Agosti mara nyingi limepungukiwa na oksijeni. Wolai hawezi kuishi humo, hivyo hukaa juu kidogo ya mpaka wa matabaka hayo mawili, na anayevua chini ya mpaka huo anapoteza siku yake hata kama chombo cha kupimia kina kinamwonyesha shimo zuri. Katika maziwa mapana yasiyo na kina kirefu, upepo huyachanganya maji hadi chini, na samaki hutawanyika juu ya tope la katikati ya ziwa, mbali na kila jiwe na kila rasi ambayo mgeni angeikimbilia kwanza.

Kwa hiyo uamuzi wa kwanza ni wa ziwa, na liwe moja. Mwaka wangu wa kwanza nilizunguka maziwa matatu kwa siku nne, nikijifunza njia za magari kuliko maji, na samaki pekee tuliowala walipatikana jioni ya mwisho, tulipochoka kuhama tukatulia kwenye ghuba moja.

Mille Lacs ndilo kubwa lililo karibu zaidi na jiji, mwendo wa chini ya saa mbili, na lina boti kubwa za kukodi zinazochukua watu wengi kwa pamoja. Hata hivyo maji yake yamekuwa maangavu mno tangu kombe vamizi aina ya pundamilia walipogunduliwa humo mwaka 2005, kwa kuwa kombe hao huyachuja maji mchana na usiku. Mwanga ukipenya zaidi, wolai huzidi kuwa samaki wa usiku. Isitoshe, kiasi kinachoruhusiwa kubebwa humo hubadilika mara kwa mara. Leech Lake, karibu na mji wa Walker, ni umbali wa saa tatu na nusu hivi, na ndilo ninalolipendekeza kwa familia inayokwenda mara ya kwanza: lina ghuba nyingi za kujikinga na upepo, kuna samaki wengine wa kuwafurahisha watoto wolai wakigoma, na mji wenyewe una duka la kila kitu. Winnibigoshish, jirani yake, ni tambarare zaidi na humfaa mwenye boti yake. Vermilion na Rainy Lake ni maziwa ya miamba na visiwa, mazuri kwa macho, lakini yasiyomsamehe nahodha asiyeijua ramani.

Ambaye lengo lake ni wolai peke yake, na ambaye hajali kusafiri saa tano, aende Lake of the Woods kupitia mji wa Baudette, pale iliposimama tangu mwaka 1959 sanamu ya wolai mwenye urefu wa futi 40. Upande wa kusini wa ziwa hilo ni uwanja mpana wa maji yenye kina cha futi thelathini na kitu tu, yenye rangi kama ya chai, na kwa sababu ya rangi hiyo samaki hula hata mchana. Mgeni asiye na boti imara asiliingie peke yake. Akodi nafasi kwenye boti yenye nahodha. Gharama huonekana kubwa mpaka utakapoigawanya kwa watu wanne au sita, ukakumbuka kwamba ndani yake mna vifaa, chambo na mara nyingi hata kuwasafisha samaki.

Hapa lazima nikae kidogo, maana kuna jambo ambalo miongozo mingine, isiyoandikiwa watu kama sisi, hailigusi. Lake of the Woods na Rainy Lake yamegawanywa na mpaka wa Marekani na Kanada, na mstari huo juu ya maji hauna ukuta wala uzio. Anayevuka na kuvua upande wa pili anahitaji leseni ya jimbo la Ontario. Anayetia nanga au kushuka kisiwani amekwisha kuingia nchi nyingine na anatakiwa kujiandikisha kwa maofisa wa mpaka, kwenda na kurudi. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu wa Marekani atahitaji kadi hiyo pamoja na pasipoti halali ya nchi yake. Ambaye ombi lake la hifadhi bado linashughulikiwa, au ambaye hadhi yake ni ya muda, asithubutu kuvuka bila kuzungumza na mwanasheria wake, kwa sababu kutoka nje ya Marekani hata kwa saa moja kunaweza kuliharibu ombi la miaka mingi. Mjulishe nahodha mapema, tena waziwazi, kwamba kundi lenu litabaki upande wa Minnesota. Ni ombi la kawaida na samaki wapo tele. Kuwe na tahadhari pia kuhusu eneo liitwalo Northwest Angle, ambalo ni ardhi ya Minnesota lakini barabara yake hupita Manitoba, hivyo kulifikia kwa gari ni kuvuka mpaka mara mbili. Na hata usipovuka, beba hati zako, maana uko karibu na mpaka. Wale wenye ruhusa ya kuingia Ontario wakumbuke kwamba jimbo hilo halikubali mtu aingie na samaki hai wala ruba kwa ajili ya chambo.

Baada ya ziwa ndipo tarehe. Nyumba za mapumziko kandokando ya maziwa haya katika kiangazi hukodishwa kwa wiki, Jumamosi hadi Jumamosi, lakini kuanzia kama tarehe 20 Agosti familia nyingi hurudi mjini na wenye nyumba huanza kukubali siku tatu au nne. Piga simu, kurasa zao za intaneti mara nyingi hazisemi hivyo. Epuka wikendi ya Sikukuu ya Wafanyakazi, ambayo huangukia Jumatatu ya kwanza ya Septemba, kwa kuwa maegesho ya boti hufurika. Ukiweza kungoja hadi wiki ya pili ya Septemba, maji yatakuwa yameanza kupoa na samaki watakuwa wakisogea kwenye maji mafupi, ila wenye watoto wa shule hawana uhuru huo. Beba nguo nzito hata kama jiji linachemka, kwa sababu usiku wa mwisho wa Agosti kule juu huweza kushuka hadi nyuzi 10 au chini yake, na boti inayokwenda mbio alfajiri huongeza baridi.

Leseni inunuliwe kabla ya kuondoka. Kila mwenye umri wa miaka 16 na zaidi anaihitaji, na aliyeishi Minnesota siku 60 mfululizo hulipa bei ya mkazi, iliyo nafuu sana kuliko ya mgeni. Wanandoa wanaweza kununua moja ya pamoja, na ipo ya muda mfupi kwa anayejaribu tu. Kisha soma kitabu cha sheria cha mwaka huo kwa jina la ziwa lako, kwa kuwa idadi ya samaki na urefu wao hutofautiana baina ya ziwa na ziwa. Maziwa mengi makubwa yana urefu unaolindwa: kwenye Lake of the Woods, kwa mfano, wolai mwenye inchi 19.5 hadi 28 hurudishwa majini, kwa kuwa hao ndio majike wazazi. Katika maji yasiyo na barafu kila mvuvi hutumia mshipi mmoja tu. Usichukulie sheria hizi kama usumbufu wa maofisa. Katika maziwa ya Red Lake wolai walivuliwa kupita kiasi hadi wakaisha, uvuvi wake ukafungwa mwishoni mwa miaka ya 1990, na haukufunguliwa tena mpaka mwaka 2006, baada ya taifa la Waojibwe wa Red Lake na serikali kushirikiana kupandikiza vifaranga. Sehemu kubwa ya maziwa hayo ni mali ya taifa hilo hata leo, na leseni ya jimbo haikupi ruhusa ya kuingia humo.

Vifaa si vingi. Fimbo ya kuvulia yenye urefu wa futi sita na nusu au saba, yenye ncha nyepesi ya kuhisi mguso, na mshipi wa ratili nane vinatosha kwa karibu kila kitu. Mtego wa kwanza wa kujifunza ni wa chubwi linaloteleza, ambao wavuvi wa Brainerd, Minnesota, waliufanya maarufu tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. Pitisha mshipi kwenye chubwi, funga kijipete kinachozunguka ili kulizuia, kisha endeleza kwa kipande cha mshipi mwembamba chenye urefu wa futi tatu hadi sita, na mwisho wake ndoano ndogo yenye nyungunyungu mzima aliyechomwa kichwani tu ili anyooke. Chubwi litaburuzika chini huku chambo kikielea nyuma yake bila uzito. Unapohisi mguso, achia mshipi upite huru kwa sekunde chache, kwa kuwa wolai huanza kwa kunyonya na hukitema chambo kinachomvuta. Kisha kaza polepole na uinue. Ruba, ambao wavuvi wengi huwapenda kuliko chambo kingine, huadimika madukani kufikia Agosti, ilhali nyungunyungu hupatikana hata kwenye vituo vya mafuta. Waweke kwenye sanduku la barafu, kwa maana saa moja ya jua inatosha kuwaua wote.

Mtego wa pili ndio wa majira haya hasa, nao ni kurambaza, yaani kuburuta chambo nyuma ya boti inayotembea. Kijisahani cha chuma kinachozunguka, shanga chache za rangi, ndoano mbili na nyungunyungu, vyote nyuma ya chubwi la waya linalogusagusa chini, vivutwe kwa mwendo wa maili moja hadi moja na nusu kwa saa. Samaki aliyeshiba, ambaye angekiacha chambo kilichotulia, hukirukia hiki kwa sababu kinamwakia na kumpita. Kwenye maji yenye rangi ya chai tumia dhahabu, waridi au chungwa. Kwenye maji maangavu tumia fedha na rangi zinazofanana na samaki wadogo wa ziwa hilo. Asubuhi mbili za kurambaza juu ya uwanja wa tope zitakufundisha walipo, na hapo ndipo unaporudi na chubwi linaloteleza kuwavua kwa utulivu.

Ratiba ya siku ifuate mwanga. Mwishoni mwa Agosti jua la kaskazini huchomoza kama saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kuzama karibu saa mbili usiku. Muwe majini saa kumi na mbili kamili, mrudi saa nne, mle, mlale, watoto waogelee, kisha mtoke tena saa kumi na moja jioni na mkae mpaka saa moja baada ya jua kuzama, taa za boti zikiwa zimewashwa. Siku ya mawingu au ya upepo wa wastani, msirudi mchana. Nendeni kwenye ufuko unaopigwa na upepo, ambako mawimbi huyatibua maji na kuwasukuma samaki wadogo. Ni kinyume cha silika ya mgeni, anayetafuta upande wenye utulivu, na ndiyo sababu mara nyingi mahali pazuri hubaki patupu.

Upepo huo huo ndio hatari kubwa ya safari. Aliyekulia Tanga au Lamu amezoea bahari inayompa dalili za mapema. Maziwa haya ni mapana na hayana kina kirefu, na upepo wa nusu saa huinua mawimbi mafupi, yaliyosimama, yanayofuatana karibu sana hata boti ndogo haipati nafasi ya kupanda moja kabla ya kupigwa na jingine. Sheria inataka kila aliyemo botini awe na jaketi la kujiokolea linalomtosha, na watoto wa chini ya miaka 10 walivae muda wote boti inapotembea. Mimi nasema kila mtu alivae, maana wengi wetu hatukufundishwa kuogelea na hakuna aibu katika hilo. Mkiona maji yenye utando wa kijani kama rangi iliyomwagwa, jambo la kawaida mwezi huu, msiogelee humo wala msimwache mbwa ayanywe, kwa kuwa baadhi ya mwani huo una sumu.

Samaki wa kurudishwa naye apangiwe. Hatari ya kufa baada ya kuachiliwa huongezeka maji yakiwa na joto, na huongezeka zaidi samaki akitolewa kilindini, kwa sababu kibofu chake cha hewa hutanuka akipanda haraka. Kwa hiyo mkiwa mmepata wa kutosha kula, acheni kuvua kwenye kina cha zaidi ya futi 30, hata kama wanaendelea kula. Aliyemeza ndoano hadi kooni, kata mshipi badala ya kuing'oa. Mshike kwa mikono iliyoloa, apigwe picha moja, arudi majini.

Wa kula ni wa inchi 14 hadi 18 pale sheria inaporuhusu: ni watamu zaidi, na hawajakusanya zebaki nyingi kama wakubwa, jambo ambalo wajawazito na akina mama wa watoto wadogo hawana budi kulizingatia kwa kusoma mwongozo wa idara ya afya ya jimbo. Katika maziwa yenye urefu unaolindwa, samaki asikatwe mkiwa bado majini au njiani, ili ofisa aweze kumpima. Mkiisha kumtoa minofu, kila mnofu wa kusafiri nao ubaki na kipande cha ngozi yenye magamba cha inchi moja kwa inchi moja, ili ijulikane ni samaki gani. Wenyeji huikaanga minofu hiyo kwa unga. Kwetu hutiwa chumvi, ndimu na pilipili manga, ikakaangwa kwa mafuta mengi, ikaliwa kwa ugali na kachumbari, nayo huiva kwa dakika chache tu kwa kuwa haina mafuta mengi ya kwake.

Kabla ya kuondoka kwenye gati, chomoa kizibo cha boti uache maji yote yamwagike, ng'oa kila jani la magugu kwenye trela na nanga, na chambo kilichobaki ukitie kwenye pipa la taka, kamwe si ziwani. Kusafiri barabarani na kizibo kikiwa kimefungwa ni kosa la kisheria, hata kama boti inaonekana kavu kabisa.